BMW kwa bei ya IST: ninavyolipima gari kuukuu la kifahari kabla hela haijatoka, hapa Mtwara

Msimu wa korosho una simu zake. Minada ikiendelea, wateja hunipigia kuhusu pikipiki na Fuso. Malipo yakishaingia benki, wananipigia kuhusu Benzi na BMW. Safari hii aliyeanza ni mjomba wangu wa Tandahimba.

"Mpwa wangu, nimepata gari. BMW nyeusi, namba D, milioni kumi na moja na nusu. Si bei ya Toyota IST hiyo? Njoo mjini uliangalie, ila mimi nimeshalipenda."

Hilo neno la mwisho ndilo lililonifanya nifunge gereji mapema siku ile. Mtu akishalipenda gari, fundi anaitwa kubariki tu.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Hatua ninazoandika hapa ndizo nilizopita na mjomba kwa siku mbili, juu ya BMW 320i ya mwaka 2008, bodi wanayoiita E90. Kwa Benzi, Audi au Crown njia ni ileile, zinabadilika sehemu za kukagua tu. Sitaeleza namna ya kupima oili wala kuangalia kashata za matairi, hayo anayajua kila dereva.

Jambo la kuelewa kabla ya yote ni kwamba gari la aina hii limeshuka bei lenyewe, spea zake hazikushuka nalo. Rejeta yake, giaboksi yake na sensa zake bado ni za gari lililouzwa kwa matajiri. Halafu sisi wa kusini tuna mzigo wa pili: kutoka Mtwara mpaka Dar ni kama kilomita 560. Spea ikipatikana Ilala leo, kesho naichukua stendi ya Mkanaledi kwenye basi, sawa. Lakini Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara upande wa Lindi, nilikuwa na Benzi la mteja juu ya mawe likisubiri kifaa kinachoenea kiganjani. Halikusogea mpaka barabara ilipofunguka. Mwenye IST wiki ileile alipata spea yake hapahapa sokoni.

Hatua ya 1: Igawe hela yako kabla hujaliona gari

Mjomba alikuwa na milioni kumi na mbili, na gari linauzwa kumi na moja na nusu. Kwa hesabu yangu alikuwa tayari ameshindwa kulinunua. Kanuni ninayoishika ni hii: bei ya gari isizidi theluthi mbili ya hela uliyonayo. Theluthi inayobaki ni ya gari hilohilo ndani ya mwaka wa kwanza, na mafuta hayamo humo. Mwenye milioni kumi na mbili anunue la milioni nane.

Kisha piga simu. Omba namba ya chasisi kwa muuzaji. Kwa gari la Ulaya ina tarakimu na herufi 17, na kwa BMW 7 za mwisho zinatosha muuza spea kujua ni gari lipi hasa. Pigia maduka mawili au matatu ya Ilala na Gerezani, uulize vitu vilevile vinne: rejeta, wota pampu, tenki dogo la maji la plastiki, na giaboksi ya mtumba. Usisikilize bei peke yake, sikiliza na jibu linavyokuja. Anayesema "ninayo, nikutumie picha?" anayo kweli. Anayesema "ngoja nikutafutie" hana, na siku utakayoihitaji atakutafutia vilevile. Gari lililojibiwa "ngoja nikutafutie" kwa vitu viwili kati ya vinne, mimi siendi kuliona.

E90 ilipita hapa bila shida. Spea zake Dar zipo tele.

Hatua ya 2: Magari ninayoyakataa kwenye simu

Lolote linalosimama kwa mabegi ya upepo badala ya springi: Range Rover, Discovery 3, Benzi la S la W220, na Benzi la E la W211 lenye Airmatic, ndiyo mabegi hayohayo kwa jina la Benzi. Mpira wa begi unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Begi likianza kuvuja, pampu ya upepo inafanya kazi bila kupumzika mpaka iungue. Ukiona gari la namna hii asubuhi limelala upande mmoja kama ng'ombe mgonjwa, muuzaji akakwambia "likiwaka linanyanyuka", amekwambia ukweli, na ukweli huo ndio ugonjwa wenyewe.

W211 za kabla ya maboresho ya 2006 nazikataa pia kwa sababu ya breki. Zina mfumo unaoitwa SBC, pampu ya umeme inayosukuma breki, na ndani yake kuna hesabu ya mara ambazo breki zimekanyagwa. Hesabu ikifika kikomo, dashibodi inakuonya na pampu nzima inatakiwa kubadilishwa. Breki si mahali pa kubahatisha.

Brevis za Toyota zenye injini ya D4 sizipendi kwa sababu ya pampu yake ya mafuta yenye presha kubwa na masizi yanayojaa kwenye njia ya hewa. Najua wako watu wanaozipenda kwa ulaini wake barabarani, na kwa hilo hawakosei.

Anayeniuliza achukue nini, namwambia Harrier tako la nyani ya lita 2.4 kama anataka starehe na usingizi. Kama moyo wake uko Ulaya, basi Benzi la C, W203 yenye Kompressor (pampu inayosukuma hewa kwenye injini) na springi za kawaida. E90 naiweka katikati. Inanunulika, ila kwa macho mawili.

Hatua ya 3: Likute baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike. Tulifika kwa dalali saa nne, naye akatupokea kwa maneno yao yaleyale: "Karibu mzee, hili halina kipengele, ni kuweka mafuta na kuondoka." Nikaweka mkono juu ya mfuniko wa injini. Wa moto. Nikachungulia chini nikaona matone, injini imeoshwa asubuhi hiyo kwa presha. Injini iliyooshwa haionyeshi inapovuja.

Sikubishana naye. Nikamwambia tutarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi, na lisiwashwe. Mjomba alinuna njia nzima mpaka Magomeni ya hapahapa Mtwara.

Kesho yake lilikuwa baridi. Kabla ya ufunguo nilifungua mfuniko wa tenki la maji. Plastiki ya tenki ilikuwa imegeuka njano ya chai, na kwenye mshono wake kulikuwa na ukoko mweupe, mahali maji yanapotoka yakiwa ya moto kisha yakakauka. Maji ya ndani yalikuwa ya bomba, hayana rangi ya kulanti, ile dawa ya kupozea injini, hata kidogo. Mfumo wa maji wa BMW za miaka hii ni plastiki nyingi, na plastiki ikishakula joto kwa miaka zaidi ya kumi inapasuka bila taarifa. Nikaandika kwenye daftari: tenki, rejeta, mipira, na themostati inayopanga joto la maji. Mtu anayeweka maji ya bomba kwenye BMW hakuwa na mpango wa kukaa nalo.

Hatua ya 4: Kompyuta, na namna inavyoweza kukudanganya

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia mwenyewe.

Miaka ya nyuma nilijinunulia W203 C180 Kompressor Dar es Salaam. Nililipima kwenye mashine, hakuna kosa hata moja. Nikafurahi, nikalipa, nikaanza safari ya nyumbani. Nilipoipita Nangurukuru taa ya injini ikawaka, gari likajifunga, halivuki mizunguko elfu tatu. Nilifika Mtwara usiku wa manane kwa mwendo wa trekta. Ilinichukua wiki tatu kugundua kwamba oili ilikuwa inavuja kwenye sumaku za kamshafti mbele ya hedi, ikaingia kwenye waya, ikapanda ndani ya waya kidogo kidogo mpaka kwenye plagi ya kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Aliyeniuzia alikuwa anajua. Alifuta makosa kwenye kompyuta saa chache kabla sijafika. Mimi nilipima gari lililokwisha kufutwa, nikadhani ni zima.

Tangu siku hiyo swali la kwanza ninaloiuliza kompyuta ni lini makosa yamefutwa. Kuna makosa au hakuna, hilo linafuata baadaye.

Anza na taa zenyewe. Weka ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya ABS na ya eabegi lazima ziwake zote, kisha zote ziwe zimezima injini ikishawaka. Taa ambayo haiwaki kabisa imenyamazishwa. Nimeshakuta nyingine imebandikwa karatasi nyeusi kwa nyuma, na nyingine waya wake umeunganishwa na wa taa ya oili ili zizime pamoja. Kwa hiyo angalia zinavyozima: kila moja ina muda wake. Zikizima mbili kwa nukta moja, ipo sababu.

Kisha chomeka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari kwenye shimo lake, chini ya usukani. Huhitaji mashine ya mamilioni kwa hatua hii, kifaa cha blutuzi na simu vinatosha, na programu kama Car Scanner au Torque. Ila usinunue vile vidogo sana vya bei ya chini kabisa vinavyoandikwa toleo 2.1. Vingi ni nakala zilizopunguzwa, vinajibu baadhi ya maswali na mengine vinayaruka, nawe unadhani gari ndilo halina jibu. Mimi natumia vLinker. Nilikinunua baada ya kutupa vitatu vya bei chee.

Sasa tafuta vitu vitatu.

Cha kwanza ni vipimo vya ndani, ambavyo kwenye programu vinaitwa monita. Gari linajipima lenyewe linapotembea: linapima masega ya ekzosi, sensa za oksijeni, hita za sensa hizo, na mfumo wa mvuke wa mafuta. Kila kipimo kikikamilika kinapata alama. Makosa yakifutwa, alama zote hizi zinafutika pamoja nayo, na haziwezi kurudishwa kwa mashine yoyote ile. Zinarudi kwa kuendesha tu: kuwasha likiwa baridi, mjini kidogo, barabara kuu kwa mwendo mmoja robo saa au zaidi, kuachia mafuta na kuteleza. Huchukua siku mbili tatu za matumizi ya kawaida. Ukikuta nyingi hazijakamilika, gari limefutwa karibuni. Ukikuta moja tu haijakamilika, na ni ile ya mvuke wa mafuta, usimshike mtu kwa hilo, kwa sababu kipimo hicho huwa hakifanyiki tenki likiwa tupu sana au limejaa pomoni.

Cha pili ni umbali uliotembewa tangu makosa yafutwe. Magari mengi ya kuanzia katikati ya miaka ya 2000 yanauhifadhi, na wauzaji wengi hawajui kama upo. Karibu yake kuna hesabu ya mara ngapi injini imepata moto tangu wakati huo. Kwenye BMW ya mjomba skrini ilisoma kilomita 6. Injini imepata moto mara 1. Nikamwonyesha mjomba simu bila kusema neno. Akaisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

Cha tatu ni marekebisho ya mafuta ya muda mrefu. Kompyuta ya injini inajifunza, ikiona hewa imezidi inaongeza mafuta, ikiona mafuta yamezidi inapunguza, na inakumbuka. Gari linalotembea kila siku huwa na namba ndogo hapo, chanya au hasi, asilimia chache. Likisoma sifuri kamili, kumbukumbu imefutwa. Likisoma zaidi ya kumi chanya, kuna hewa inaingia mahali isipotakiwa au mafuta hayafiki, na mtu amelizoea hivyohivyo.

Dalali alikuwa na jibu: "Betri tulibadilisha jana, kaka." Inaweza kuwa kweli. Kwenye magari mengi kuchomoa betri kunafuta mambo hayohayo, ndiyo maana sikumwita mwongo. Nililifuata jibu lake mpaka nyuma kwenye buti, kwa sababu betri ya E90 inakaa huko upande wa kulia. Ilikuwa na vumbi la kuganda, na vichwa vyake vimeota unga wa kijani. Hata kama ingekuwa mpya, dawa ni moja: liendeshwe siku mbili, kilomita mia moja au zaidi, kisha lipimwe tena. Muuzaji mwenye gari zima atakubali uweke mafuta yako, mfuatane naye mpaka Mingoyo na kurudi. Asiyekubali umeshamjua.

Yako mambo manne ya tahadhari hapa, na kila moja limewahi kunipotezea muda.

Kifaa cha simu kinasoma injini tu. Giaboksi, ABS, eabegi na vifaa vya bodi vinahitaji mashine inayolijua gari hilo: Xentry kwa Benzi, INPA au ISTA kwa BMW. Ukitaka kulipia upimaji mmoja tu, lipia huo. Muulize fundi aliye karibu nawe kama anayo.

Toyota za soko la Japani za miaka ya nyuma, Crown na Brevis zikiwemo, nyingi hazifuati lugha ya kawaida ya vifaa hivi. Zina shimo lilelile, lakini kifaa hakiunganishi. Usiseme gari ni bovu kwa sababu hiyo. Tafuta mashine ya Toyota.

Joto la maji lisome humohumo kwenye simu, hasa kwa E90, ambayo haina geji ya joto la maji kabisa kwenye dashibodi. Dereva anapewa taa ya onyo tu, na taa ikiwaka mara nyingi hedi imeshaanza kupinda. Ila usishtuke ukiona 105. Themostati ya injini hii inaendeshwa kwa kompyuta na imepangwa kufanya kazi kwenye joto hilo gari likiwa halina mzigo. Niliwahi kubadilisha themostati nzima ya mteja kwa namba hiyo, kumbe ilikuwa sahihi. Kinachotisha ni namba inayopanda na haitulii.

Na kilomita za dashibodi usiziamini peke yake. Kwenye BMW za zamani kidogo, kama E46, kilomita zimeandikwa pia kwenye kifaa cha taa, na vikitofautiana kinatokea kidoti kwenye skrini ya kilomita. Kwa gari lolote, linganisha namba na vitu vinavyoguswa: mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani upande wa mkono wa kulia, na ukingo wa siti ya dereva mahali paja linaposugua wakati wa kushuka. Gari la kilomita elfu themanini halina pedali iliyolika mpaka chuma.

Hatua ya 5: Moshi, kisha barabara

Injini ya 320i hii inaitwa N46, na ugonjwa wake mkubwa ni sili za valvu. Hauonekani ukiliwasha na kukanyaga mafuta papo hapo. Liache lipate moto, liungurume taratibu dakika kumi bila kuguswa. Zungumza na watu, kunywa chai. Kisha mtu mmoja akanyage, wewe ukiwa nyuma. La mjomba lilitoa moshi wa bluu mzito uliopita juu ya ukuta wa jirani, kisha ukakata kabisa. Kwa anayeliona mara moja, hilo gari limepona. Ukweli ni kwamba oili ilikuwa inachuruzika kwenye valvu zile dakika kumi zote. Kazi yake ni ndefu, inataka vifaa maalumu au kushusha hedi.

Barabarani nenda nusu saa isiyopungua, giaboksi ipate moto. Sisi tulishika njia ya Mikindani. Gia zinapobadilika usisikie zaidi ya sauti ya injini kushuka, ukisikia mteguko au mizunguko inapanda bila gari kuvutwa, imeanza kuchoka. Mkirudi, simama, weka D, hesabu, weka R, hesabu. Ikichelewa ikiwa ya moto kuliko ilivyokuwa baridi, rudisha ufunguo. Ukiambiwa oili ya giaboksi haibadilishwi maisha, usikubali. Kwa joto letu mimi naibadilisha kila kilomita elfu sitini. Giaboksi ya E90 ile, namshukuru Mungu, ilikuwa nzuri.

Halafu pita kwenye barabara mbovu kwa makusudi, vioo chini, redio imezimwa. Bushi na boljointi zitakusemesha.

Mjomba anaishi Tandahimba, na siku hizo ukishaipita Mnivata lami ilikuwa inakwisha na ujenzi unaanza. Nikamwonyesha kitu ambacho hakuwa amekiona: nilinyanyua zulia la buti, tairi la akiba hakuna. E90 zilitoka kiwandani na matairi yanayotembea hata yakiwa hayana upepo, kwa hiyo hazikupewa nafasi ya akiba. Matairi yale yakiisha watu wanafunga ya kawaida, na gari linabaki bila akiba wala uwezo wa kutembea na pancha. Hebu jione usiku, katikati ya mikorosho, na familia ndani.

Hatua ya 6: Chumvi

Gari lililokaa Mtwara, Lindi au Kilwa karibu na bahari linyanyuliwe kwa jeki na litazamwe chini kwa tochi. Gonga kwa mpini wa bisibisi kwenye vizingiti vya milango na mahali springi za mbele zinapokaa. Benzi la E la zamani, W210, linaoza hapo hasa, mpaka springi inachomoka. Rangi mpya nyeusi chini ya gari kuukuu inaficha kitu. Nyanyua na mazulia ya ndani uyaguse kwa kiganja: yakiwa na unyevu, matundu ya kutolea maji ya paa la kioo yameziba, na maji ya masika yameshafika kwenye vifaa vya umeme.

Hatua ya 7: Karatasi

Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, au awepo mwenye jina. Namba ya chasisi kwenye kadi na kwenye bodi zilingane. Faini za barabarani ziangalie kwenye mfumo wa TMS wa polisi kwa namba ya gari, na bima ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Mkataba kwa wakili, kisha kubadilisha umiliki TRA. Usikubali "tutabadilisha baadaye".

Hatua ya 8: Orodha mezani

Usiku ule tulikaa kwangu, mjomba na mimi na daftari. Tenki, rejeta, mipira, themostati na kulanti. Sili za valvu pamoja na ufundi. Gasketi ya mfuniko wa juu wa injini, ambayo lazima ibadilishwe hedi ikishushwa. Bushi za mbele. Betri. Ringi moja na tairi la akiba la kufunga kwa mkanda kwenye buti. Kwa bei nilizopewa na maduka ya Dar siku hiyohiyo tulifika milioni nne na laki moja, bila kosa lolote ambalo kompyuta ilikuwa bado inalificha.

Dalali alipigiwa simu mbele yangu. Alishuka mpaka milioni tisa na nusu. Mjomba akaandika tisa na nusu, akaandika nne na moja chini yake, akapiga mstari, akajumlisha mwenyewe. Alikaa kimya muda mrefu kwa mtu aliyekuwa amelipenda gari. Kisha akamwambia dalali, "Ahsante mwanangu, muuzie mwingine," akaniuliza kama chakula kimeiva.

Hela bado ipo benki. Juzi amepata W203 Lindi mjini, mwenyewe ni mtumishi mstaafu, ana faili la risiti za matengenezo tangu alinunue, na anataka milioni nane. Nimeongea naye kwenye simu, nikamuuliza kama sumaku za kamshafti zimewahi kubadilishwa. Akaenda kulitafuta faili, akanisomea tarehe. Tunaondoka Jumamosi saa kumi alfajiri, na nimemwomba asiliwashe mpaka tufike.